Maneno ya Kiingereza Yaanzayo kwa IN

Silabi ya kwanza ya neno la Kiswahili hutupa habari nyingi kabla hatujasikia silabi zilizobaki. Tukisikia "wa-" twatazamia watu wengi; tukisikia "ki-" huenda ni kitu, au ni lugha. Katika nchi hii ya Dodoma jambo hili lajulikana hata kwa mtoto asiyepata kuingia darasani. Mtu wa nchi ni Mgogo, wenziwe ni Wagogo, nchi ni Ugogo, na lugha, ambayo kwa Kiswahili ni Kigogo, wenyewe huiita Chigogo. Shina ni moja nalo halibadiliki. Kibadilikacho ni mwanzo. Tena mwanzo huo si dalili ya udugu. Mgogo, mgeni, mguu na mgomba huanza kwa herufi zile zile mbili, walakini hakuna adhaniye kuwa mguu na mgomba ni wa ukoo mmoja.

Tumeizoea sana desturi hii ya kuutazama mwanzo wa neno, hata maneno ya kigeni yakija kwetu twayapima kwa kipimo hicho. "Kitabu" latoka katika Kiarabu, na huko "ki" yake si silabi iliyoongezwa, bali ni sehemu ya neno lenyewe. Lakini watu wa pwani walipolisikia walilihesabu pamoja na kiti na kisu, wakasema vitabu. Kadhalika lile bati lizuialo matope juu ya gurudumu la baiskeli, Waingereza huliita "mudguard". Watu walilisikia kuwa madigadi, wakaona "ma-" ni alama ya wingi, na bati moja wakaliita digadi. Na mzunguko wa barabara, ambapo kibao kiliandikwa "keep left", yaani shika kushoto, ukawa kipilefti, na wingi wake vipilefti. Hakuna aliyeumia kwa makosa haya, na leo si makosa tena; ni Kiswahili.

Lakini desturi hiyo hiyo tukiingia nayo katika Kiingereza, kuna mahali ambapo inaweza kutuletea madhara. Nataka tutazame silabi moja tu, yaani "in-".

Mwanafunzi hufundishwa mapema ya kuwa "in-" mwanzoni mwa neno ni sawa na "si" yetu. "Visible" ni chenye kuonekana, na "invisible" ni kisichoonekana. "Correct" ni sahihi, "incorrect" si sahihi. "Complete" ni kamili, "incomplete" ni pungufu. "Curable" ni ugonjwa uwezao kuponywa, "incurable" ni ule usioponyeka. Mwanafunzi hufurahi, kwani amepata ufunguo mmoja wa milango mingi.

Sasa na asimame kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam, ikapita Morogoro na Dodoma, ikaendelea Singida hata mipaka ya Rwanda na Burundi. Malori ya mafuta hupita hapo usiku na mchana. Nyuma ya baadhi yake pameandikwa kwa herufi kubwa: "HIGHLY INFLAMMABLE". Mwanafunzi wetu ajua ya kuwa "highly" ni sana. Ajua ya kuwa "flame" ni mwali wa moto. Ajua ya kuwa "-able" mwishoni mwa neno ni kuweza. Na "in-", kama alivyofundishwa, ni "si". Akiyaunganisha yote atapata kwamba tangi hili limebeba kitu kisichoweza kabisa kushika moto. Kila hatua ya hesabu yake yaonekana kuwa sawa, na jibu ni kinyume cha kweli. Maana ya maneno yale ni: chepesi sana kushika moto.

Petroli ni kitu gani, watu wa barabara hiyo wamekwisha kuona. Tarehe 10 Agosti mwaka 2019, karibu na Msamvu katika mji wa Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, na watu wakaja mbio na madumu kuchota mafuta yaliyomwagika. Moto ukalipuka. Watu wapatao mia walikufa, wengine papo hapo na wengine hospitalini katika siku zilizofuata. Hao hawakudanganywa na neno la Kiingereza. Naeleza habari yao ili msomaji ajue ni kitu gani ambacho neno "inflammable" limewekwa kutuonya habari zake, na kwa nini haifai onyo la namna hiyo kusomwa kinyume.

Basi kosa la mwanafunzi liko wapi? Halipo katika akili yake. Chanzo chake ni kwamba Kiingereza kina "in-" mbili, nazo zafanana kwa sura kama mapacha. Zote mbili zimo katika Kilatini, lugha ya Warumi wa kale, na maneno mengi yalitoka huko yakaingia katika Kiingereza, mara nyingi kwa njia ya Kifaransa. "In-" ya kwanza maana yake ni "si". "In-" ya pili maana yake ni "ndani", au "kutia ndani". Hii ya pili ni rahisi kuifahamu, kwani Waingereza wenyewe wana neno lao "in" lenye maana hiyo hiyo. "Inside" ni upande wa ndani. "Income" ni mapato, yaani fedha ziingiazo. "Inland" ni bara, kama tulivyo sisi wa Dodoma, mbali na bahari.

Warumi walichukua "flamma", yaani mwali wa moto, wakaweka mbele yake "in-" ya pili, wakapata kitenzi chenye maana ya kuwasha, kama kusema kutia mwali ndani ya kitu. Kitenzi hicho kimo katika Kiingereza hata leo, nacho ni "inflame". Waganga wa hospitali wanalo neno la jamaa hiyo, "inflammation", nalo ni hali ya kiungo kilichovimba, kikawa chekundu na chenye joto, kana kwamba kimewashwa moto. Hakuna mgonjwa wa jipu atakayekubali kuwa pale hapana moto!

Kwa hiyo "inflammable" halikutengenezwa kwa kuchukua "flammable" na kulikanusha. Lilitengenezwa kwa kuchukua "inflame", washa, na kuongeza "-able" nyuma yake: kiwezacho kuwashwa. Hapo ndipo penye jambo lenyewe, nami nataka msomaji apatazame vizuri. Neno refu lina utaratibu wa kujengwa, kama nyumba ya tembe ilivyo na utaratibu wake: miti ya ukuta na nguzo kwanza, kisha boriti na fito za juu, udongo wa dari mwisho. Ukitaka kuibomoa bila kuiharibu, huanza na kile kilichowekwa mwisho. Katika "invisible" kilichowekwa mwisho ni "in-". Kiondoe, na "visible" labaki zima na lenye maana. Katika "inflammable" kilichowekwa mwisho ni "-able". Kiondoe hicho kwanza, na utabaki na "inflame". Mwanafunzi wetu alianza kubomoa upande usiofaa.

Sisi nasi tuna maneno yaliyojengwa hivyo. Kutokana na "funga" twapata "fungua", na kutokana na "fungua" twapata "fungulika". Mlango ukifungulika, hakuna asemaye ni mlango uwezao kufungwa ati kwa sababu shina la kwanza lilikuwa "funga". Twajua bila kufundishwa ya kuwa "-lika" ilikuja baada ya "fungua", si kabla yake.

Waingereza wanalo neno moja la kuchekesha katika jambo hili, ingawa halianzi kwa "in-" bali kwa "un-". "Lock" ni kufunga kwa kufuli. Neno "unlockable" laweza kuwa na maana mbili zinazopingana. Ukijenga "unlock" kwanza, yaani kufungua, kisha ukaongeza "-able", utapata kiwezacho kufunguliwa. Ukijenga "lockable" kwanza, yaani kiwezacho kufungwa, kisha ukatanguliza "un-", utapata kisichoweza kufungwa. Herufi ni zile zile kumi, na hakuna awezaye kujua ni mlango wa namna gani mpaka asome habari iliyobaki. Hiyo "un-" ya "unlock", na ya "untie" na ya "uncover", Kiswahili huifanya mwishoni mwa kitenzi: funga na fungua, ziba na zibua, kunja na kunjua, choma na chomoa. Waingereza huweka kichwani, sisi twaweka mkiani.

Haikuwa sisi wageni tu tulioona hatari ya "inflammable". Neno hilo limo katika Kiingereza tangu mwanzo wa karne ya 17, nalo "flammable" likafuata baada ya miaka mia mbili hivi. Kwa muda mrefu hili la pili halikutumiwa sana. Lakini katika miaka ya 1920 chama cha Marekani kishughulikiacho kuzuia moto, National Fire Protection Association, kilianza kuwahimiza watu waandike "flammable" badala ya "inflammable", kwa hofu ya kuwa wasomaji watadhani "in-" ile ni ya kukana. Yaani hata watu waliozaliwa katika lugha hiyo walionekana waweza kupotea. Siku hizi vibao vingi huandikwa "flammable", na kinyume chake ni "non-flammable". Pamoja na maneno huwekwa picha ya mwali wa moto katika mraba mwekundu uliosimama juu ya pembe yake, wenye tarakimu 3 chini, ambayo katika taratibu za mataifa ni alama ya vimiminika vishikavyo moto. Picha hiyo haina silabi ya kwanza, nami naiona ni bora kuliko maneno yote mawili. Hata hivyo neno la zamani halijafa, bado limeandikwa juu ya mapipa, matangi na makopo ya rangi, na msomaji hana budi kulijua.

Neno la pili la namna hii ni "inhabitable". "Inhabit" ni kukaa mahali, na "in-" yake ni ile ya "ndani". Kwa hiyo "inhabitable" ni mahali pawezapo kukaliwa na watu. Pasipokalika ni "uninhabitable", ambapo "un-" ya kukana imewekwa mbele ya "in-" ya ndani, mbili zikifuatana. Jirani zetu wa Kongo na Burundi wasomao Kifaransa wana shida zaidi, kwani katika Kifaransa neno lililoandikwa kwa herufi zile zile, "inhabitable", ni mahali pasipokalika. Msafiri wa Kiingereza na msafiri wa Kifaransa waweza kuandika neno moja katika barua zao, mmoja akiisifu nchi na mwingine akiikataa.

Tuchukue mfano wa huku kwetu. Misafara ya karne ya 19 itokayo pwani, ikiisha kupita Mpwapwa, ilikuwa sharti ivuke nyika isiyo na maji mema kabla ya kufika katika vijiji vya Ugogo. Nyika hiyo iliitwa Marenga Mkali, jina lenye habari ya maji ya chumvi. Burton na Speke waliivuka mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871. Wapagazi walijaza vibuyu kabla ya kuondoka, wakaenda kwa haraka, maana hapakuwa na watu wala visima njiani. Mahali pasipo na watu kama pale ni "uninhabited". Lakini Ugogo wenyewe, ingawa mvua yake ni ya msimu mmoja tu, tangu Desemba hata Aprili, na kwa mwaka mzima haifiki mbali na milimita 600, ni "inhabitable" kabisa, maana watu wameukaa kwa vizazi vingi na ng'ombe zao na mtama wao.

Sasa yafaa nieleze jambo moja la sauti, kwani "in-" haivai nguo moja siku zote. Mbele ya "p", "b" na "m" hugeuka kuwa "im-", kama katika "impossible", kisichowezekana. Mbele ya "l" huwa "il-", kama "illegal", kinyume cha sheria. Mbele ya "r" huwa "ir-", kama "irregular", kisichofuata kanuni. Wanafunzi wengi hulalamika ya kuwa hizi ni kanuni nne za kukariri. Si nne, ni moja, nayo tunayo hata sisi. Twasema nyumba ndefu na nyumba njema, lakini hatusemi nyumba nbaya, twasema nyumba mbaya. Twasema ulimi na ndimi, lakini ubao na mbao. Jaribu kutamka "n" na kufuatisha "b" mara moja: midomo yako itakuwa imekwisha kufumba kwa ajili ya "b" kabla "n" haijatoka, na itakayosikika ni "m". Kinywa cha Mrumi kilikuwa kama kinywa cha Mgogo.

Na kwa kuwa "in-" zote mbili hugeuka kwa njia hiyo hiyo, mapacha hubaki mapacha hata wakibadili nguo. "Immortal" ni asiyekufa, na hii ni ya kukana. "Immigrant" ni mtu ahamiaye ndani ya nchi, na hii ni ya kuingia. "Illiterate" ni asiyejua kusoma. "Illuminate" ni kutia nuru. "Irregular" tumekwisha kuliona. "Irrigate" ni kupeleka maji katika shamba, kama wafanyavyo wenye mizabibu hapa Dodoma wakati wa kiangazi. Anayedhani "irrigate" ni kunyima maji atapata zabibu kavu kabla ya wakati wake.

Labda mtu atauliza, "Nitazijuaje mbili hizi?" Njia iko, ingawa haifanikiwi kila mara. Tafuta katika kamusi kama kuna kitenzi kianzacho kwa "in-" hiyo hiyo. Maneno ya Kiingereza yamepangwa kwa herufi za mwanzo, kwa hiyo "inflammable" huwa karibu na "inflame", mara nyingi katika ukurasa ule ule, na "inhabitable" karibu na "inhabit". Ukimkuta jirani huyo, jihadhari, maana huenda ndiye mzazi. Ukitafuta karibu na "invisible" hutaona kitenzi chochote cha kulizaa. Kamusi za Kiswahili hazikufuata njia hiyo siku zote. Katika ile iliyotengenezwa chini ya Frederick Johnson na kutolewa mwaka 1939, maneno mengi yaliyozaliwa na kitenzi yamewekwa chini ya kitenzi chao, hata mpishi hukaa pamoja na pika. Kwa lugha yenye kubadili mwanzo wa maneno yake, mpango huo una maana, ingawa huwachosha wenye haraka.

Tena kuna maneno ambayo "in-" yake ni ya kukana kweli, na hata hivyo maana si ile utakayoipata kwa kuunganisha tu. "Valuable" ni chenye thamani. Mtu akikuandikia ya kuwa msaada wako ulikuwa "invaluable", usikasirike. Hasemi kwamba haukuwa na thamani. Asema thamani yake haihesabiki. Asiye na thamani ni "worthless". Na "famous" ni mwenye sifa, lakini "infamous" si mtu asiyejulikana. Hujulikana sana, kwa ubaya. Kwa upande mwingine, "inability" ni kutoweza, lakini asiyeweza ni "unable". "Injustice" ni udhalimu, lakini asiye na haki ni "unjust". Hapa sina kanuni ya kuwapa. Hayo hushikwa kwa kusoma sana.

Maneno mengine yameficha "in-" yake hata Waingereza wenyewe hawaioni tena. "Infant", mtoto mchanga, kwa Kilatini ni asiyesema. "In-" ni si, na sehemu iliyobaki yatokana na kitenzi cha kusema. Kutokana na neno hilo hilo, lililokuja kutumiwa kwa vijana, likapatikana "infantry", yaani askari waendao kwa miguu, ambao wasemaji ni wengi. "Innocent" ni asiyedhuru. Na yako maneno yasiyo na "in-" yoyote, ni herufi tu zilizokutana. "Inch", tunayoiita inchi, latoka katika neno la Kirumi "uncia", maana yake sehemu moja ya kumi na mbili, na ndiyo sababu futi moja ina inchi 12. "India" limetokana na jina la mto Indus. Ukiondoa "in" katika maneno haya huachi kitu.

La mwisho ni "insect", mdudu. Hapa "in-" ni ile ya ndani, na sehemu ya pili ni kukata: kilichokatwa kuingia ndani. Mshike siafu mmoja kwa uangalifu, au mchukue kumbikumbi aliyeanguka chini ya taa usiku wa mvua ya kwanza, umtazame kwa ubavu. Utaona kichwa, kisha pamebanwa kama palipokatwa kwa uzi; kisha kifua chenye miguu sita, na baada yake tumbo.